Kijana hajashika mwiko, mgongo umeshakwisha: tuongee kuhusu saiti zetu za ujenzi

Fundi wa Arua (mwanzisha uzi)

Wadau wa ujenzi, habari za kazi.

Nafundisha vijana uashi huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wachache wanatoka chuoni kuja mazoezini, wengi wanaletwa na mjomba mtu anayesema tu "mfundishe huyu kazi". Uzi huu unahusu miili yao. Sizungumzii kuanguka jukwaani wala tofali kumpiga mtu kichwani, hayo yanasemwa kila siku na helmeti zimeanza kuonekana. Nazungumzia yale yanayokuja polepole: mgongo, magoti, mabega, viwiko na vifundo vya mikono.

Kwanza tukumbuke kijana anajifunzaje kwetu. Akifika saiti hapewi mwiko, anapewa wilibaro, karai na jerikeni. Anakuwa pota. Miezi mingi ya mwanzo kazi yake ni kusomba: mchanga, kokoto, maji, matofali, saruji. Fundi analipwa kwa ukuta, kwa hiyo pota haruhusiwi kusimama. Yeye ndiye mwenye mwili usiozoea, ndiye asiyejua mbinu, ndiye asiyeweza kukataa, na ndiye huyohuyo anayebebeshwa mzigo mzito kuliko wote waliopo.

Ushauri anaopewa ni mmoja: "Kunja magoti, nyoosha mgongo." Si ushauri mbaya, ila hautoshi. Watafiti waliokusanya majaribio ya nchi mbalimbali kuhusu kufundisha wafanyakazi namna ya kuinua mizigo hawakupata ushahidi kwamba mafunzo hayo peke yake yanapunguza maumivu ya mgongo. Ukisimama mbele ya mfuko wa saruji utaona sababu. Kunja magoti utakavyo, bado ni kilo 50, bado uko chini, na bado hauna pa kushikia.

Pimeni wenyewe. NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama kazini, ilitoa kanuni yake mwaka 1991 ikianzia kilo 23, na hizo ni kwa hali nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, uko usawa wa kiuno, hujipindi, na huinui mara nyingi. Hali ikiharibika, kilo zinapunguzwa. Mwongozo wa Uingereza kwa mwanamume ni kilo 25 mzigo ukiwa kiunoni karibu na mwili. Mzigo uleule ukiwa sakafuni, mwongozo unashuka hadi kilo 10. ILO, shirika la kazi la kimataifa, mwaka 1967 ilitaja kilo 55 kuwa mwisho kwa mwanamume mtu mzima, na ikasema wanawake na vijana wabebe pungufu sana ya hapo. Yaani mfuko wetu unapenya kwenye kile kiwango cha juu kabisa, cha zamani kabisa, kwa kilo tano tu. Kijana wa miaka 17 hayumo kwenye hesabu hiyo.

Halafu kuna umbali. Kilo 20 zikiwa sentimita 20 mbele ya kiuno ni kitu kimoja. Zikiwa sentimita 60, kwa kuwa umenyoosha mikono kufikia tofali la upande wa pili wa rundo, zinavuta mgongo mara tatu. Misuli ya mgongo iko karibu sana na uti, kwa hiyo ili kushikilia mzigo ulio mbali inalazimika kuvuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wenyewe, na nguvu hiyo yote inabana zile gegedu zilizo kati ya pingili za chini. Ongeza kujipinda kiuno ukimrushia fundi tofali, na sasa gegedu inabanwa na kusokotwa kwa pamoja.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalijui: usiku tukilala, gegedu hizo zinanyonya maji na kuvimba kidogo. Saa ya kwanza baada ya kuamka zimejaa, na kuinama wakati huo kunaziumiza zaidi kuliko saa nne asubuhi. Sasa lori la saruji linafika saa ngapi saiti? Alfajiri. Nani anashusha? Kijana aliyetoka kitandani na kukaa juu ya boda mpaka pale.

Waswahili wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Saiti zetu kila kitu kiko mvunguni: tofali chini, udongo wa saruji chini, nondo chini, maji chini. Hoja yangu ni kwamba tuache kumsahihisha kijana namna anavyoinama, tuondoe sababu ya kuinama.

Hili si jipya. Mmarekani mmoja, Frank Gilbreth, alianza kujifunza uashi mwaka 1885 akiwa na miaka 17. Aliona kila fundi anainama mpaka chini kwa kila tofali, anainua nusu ya mwili wake kwa ajili ya kitu cha kilo mbili au tatu. Akatengeneza jukwaa lenye rafu ya kuwekea matofali na udongo usawa wa kiuno, na jukwaa lenyewe linapandishwa kadiri ukuta unavyopanda. Pota anapanga tofali juu ya rafu upande mzuri ukiwa umeelekea fundi. Mijongeo ya kuweka tofali moja ikashuka kutoka 18 hadi 5, na matofali kwa saa yakapanda kutoka 120 hadi 350. Mabosi wanaosema afya inachelewesha kazi waisome hiyo sentensi mara mbili.

Tunachofanya kwenye saiti ninazosimamia: matofali na udongo vinakaa juu ya benchi la mikalitusi na mabanzi. Saruji inabebwa na watu wawili, au inakwenda na wilibaro, na inashushwa juu ya mbao zilizoinuliwa, siyo sakafuni (inasaidia pia isipate unyevu). Jerikeni la lita 20 halibebwi moja kwa mkono mmoja. Ama mawili yaliyojazwa nusu, moja kila mkono, ama bomba. Kijana mgeni wiki mbili za kwanza hapewi mzigo sawa na wenzake, na hakuna anayefanya kazi moja asubuhi hadi jioni.

Leteni yenu.

---

Mzee wa Timazi

Niko kwenye kazi hii tangu serikali ya pili ya Obote. Saruji tulibeba begani, tukapanda nayo ngazi ya miti, hakuna aliyelia mgongo. Vijana wa sasa wamelegea. Anabeba mifuko mitatu anatafuta kivuli na simu. Ukimwekea benchi kesho atataka kiti.

---

Fundi wa Arua

Mzee wangu, heshima yako ipo palepale. Nikuulize tu: wale mlioanza pamoja, wangapi bado wanashika mwiko? Tukikutana saiti na mzee mwenye nguvu tunasema kazi haiumizi. Waliovunjika hawako pale kutusimulia. Wako kijijini, au wanaendesha boda, au wanauza duka la mke.

---

Kontrakta Mdogo

Uzi mzuri lakini tuongee pesa. Mimi najenga nyumba za vyumba viwili vitatu hapa Wakiso. Mteja anabana kila shilingi, fundi nampa kazi kwa mapatano, vijana ni wa lejaleja, leo yupo kesho hayupo. Nani analipia benchi, pedi za magoti, mtu wa pili wa kubeba saruji?

---

Fundi wa Arua

Benchi halilipiwi. Vipande vya mikalitusi na mabanzi ya fomu (mbao za kushikilia zege likimwagwa) vimelala saiti vinangoja kuwa kuni za kupikia posho. Nusu saa ya seremala na misumari.

Mtu wa pili wa kubeba hatoki nje, ni haohao wawili uliokuwa nao, wanabeba pamoja badala ya kila mtu wake. Pale unapopoteza pesa kweli ni kijana uliyemfundisha kusoma pimamaji akiondoka mwezi wa nne kwa sababu ya kiuno, unaanza na mwingine kutoka sifuri.

Na wilibaro! Hii siwezi kuinyamazia. Nimezunguka saiti nyingi, gurudumu limelegea, ekseli haijawahi kuona grisi, mikono ya chuma imetoboka plastiki. Kijana anasukuma mzigo na anasukuma ubovu. Pampu ya baiskeli inatosha. Tandika mbao juu ya mchanga na matope, na uzito wa mzigo uwe mbele juu ya gurudumu, usiangukie mikono yake. Hiyo ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote.

---

Pota wa Koboko

Mimi ndiye huyo kijana mnayemzungumzia, nina mwaka mmoja saiti. Mambo ya benchi sawa, lakini hamjagusa siku ya slabu, yaani ya kumwaga zege la sakafu ya ghorofa. Siku hiyo hakuna cha fundi wala sheria. Mashine ya zege inawashwa asubuhi na haizimwi mpaka slabu iishe. Tunapangwa kwenye ngazi ya miti, karai linarushwa kutoka chini kwenda juu, mtu kwa mtu. Kesho yake siwezi kunyanyua mkono kula. Hapo mnasemaje?

---

Fundi wa Arua

Umegusa penyewe, kaka. Siku ya slabu ndiyo inayovunja watu, na ukweli mchungu ni kwamba zege halisubiri. Ukiliacha linaganda na unapata mshono mahali pasipotakiwa. Kwa hiyo kusimamisha kazi hovyo haiwezekani. Kinachowezekana ni kupanga kabla.

Anza na karai. Lita moja ya zege ina kilo 2.4 hivi. Karai likishika lita kumi ni kilo 24, na unalipokea likiwa chini ya magoti yako, unajipinda, unalitoa likiwa juu ya kichwa. Kila kitu kibaya nilichoandika juu kimo ndani ya mjongeo mmoja, halafu unarudia siku nzima. Anayejaza karai ndiye anayeshika migongo ya wote. Mwambieni ajaze theluthi mbili. Mstari utakwenda kasi zaidi, hakuna atakayedondosha, na zege lililofika juu jioni halitapungua.

Pili, hatua za ngazi. Watu wakisimama mbali, kila mmoja ananyoosha mikono. Hatua zikaribiane ili karai lipokelewe usawa wa tumbo na kutolewa usawa wa kifua. Hapo panahitaji mtu mmoja au wawili zaidi. Usibane hapo.

Tatu, upande. Mtu akisimama na ukuta kushoto kwake anajipinda upande mmoja mpaka jioni. Kila baada ya muda, msimamizi apige filimbi, wa chini wapande juu, wa juu washuke, na kila mtu ageuze upande. Mabadilishano hayo ni ya dakika moja, mashine inaendelea kuzunguka. Aliyekuwa kwenye karai aende akashike mpini wa kusawazisha, aliyekuwa kwenye mashine ya kutetemesha zege aje kwenye kokoto. Mashine ile ya kutetemesha nayo si ya mtu mmoja siku nzima, maana mtetemo unaua mishipa ya vidole polepole.

Nne, winchi, mashine ya kupandisha zege juu. Wengi wanaokodisha mashine ya zege wanakodisha na winchi. Kwa ghorofa ya kwanza tu unaweza kusema ni ghali. Kuanzia ya pili, piga hesabu ya vibarua wa ngazi uone.

Na chakula na maji, jamani. Mtu anafanya kazi hiyo na kikombe cha chai ya rangi tumboni. Misuli iliyochoka inaacha kazi kwa mifupa.

---

Mzee wa Timazi

Swali lako la juu limenikaa. Kweli, wengi hawapo. Mmoja jirani yangu hapa, kufunga kamba za viatu anaita mjukuu.

Naongeza la kwangu basi. Nondo. Vijana wanasuka nguzo na bimu chini, wamejikunja saa nzima na koleo la kukaza waya mkononi. Sisi tulikuwa tunapanga farasi wawili wa mbao, nondo inalala juu yao, unasuka umesimama. Sijui hiyo tabia ilipotelea wapi. Na koleo libadilishwe mkono, lisikae mkono mmoja mwaka mzima.

---

Mifupa na Viungo

Mimi ni mfiziotherapia katika hospitali ya serikali. Vijana wa saiti wanafika kwetu wamechelewa sana, na karibu wote wana hadithi moja: wamekuwa wakichomwa sindano ya diklofenaki klinikini kila maumivu yakizidi, wanarudi kazini mchana uleule. Dawa hiyo inazima kengele, moto unaendelea. Ukiitumia kwa muda mrefu bila usimamizi inaleta vidonda vya tumbo na inaumiza figo, hasa kwa mtu anayefanya kazi juani bila maji ya kutosha.

Jifunzeni kutofautisha. Misuli kuuma kote siku mbili tatu baada ya kazi mpya ni kawaida, inapungua. Maumivu yanayokuamsha usiku, yanayoshuka mguuni kupita goti, au yanayokuwepo kila ukiamka wiki baada ya wiki si ya kuzoea. Vidole kufa ganzi usiku, hasa gumba, cha shahada na cha kati, ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono; wapiga lipu na wasuka nondo hilo ni lenu. Bega linalouma ukiinua mkono juu ya kichwa, tazameni wapiga lipu ya dari: jukwaa lao liko chini mno, wanafanya kazi wamenyoosha mikono. Lipandisheni jukwaa.

Na hili lisisubiri kesho: ganzi sehemu unayokalia, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, mguu kulegea. Hospitali siku hiyohiyo, usiku huohuo. Si mganga wa kuvuta mifupa, si masaji.

Mgongo ukikaza bila dalili hizo, kulala kitandani wiki nzima hakusaidii. Tembea, fanya kazi nyepesi, rudi polepole. Na mikanda ya kiuno inayouzwa barabarani: NIOSH waliichunguza na hawakuipendekeza kwa mtu mzima wa afya. Inampa mtu moyo wa kubeba zaidi, basi.

---

Dada wa Vigae

Niko Kasese, najifunza kuweka vigae, ni mimi peke yangu mwanamke kwenye timu. Magoti yangu yamevimba mbele, laini kama yana maji. Fundi anasema nitazoea. Nikiomba kusaidiwa kubeba boksi la vigae naambiwa kazi hii si ya wanawake. Mnasema kijana aombe, aombe kwa mdomo gani?

---

Mifupa na Viungo

Dada, hayo maji yako kwenye kifuko kilicho mbele ya goti, kinawaka kwa sababu ya kupigia magoti sakafu ngumu. Usikitoboe, na usikubali akitoboe mtu mtaani. Kama goti ni jekundu, lina joto na una homa, nenda hospitali leo. Kama ni uvimbe tu, likae bila kugusa sakafu mpaka litulie.

Pedi zikikosekana, kata godoro kuukuu unene wa vidole vitatu, lifunike na kipande cha turubai, ulisogeze pamoja nawe. Muhimu ni kusimama na kunyoosha miguu kila ukimaliza safu chache. Kuchuchumaa siku nzima badala ya kupiga magoti si suluhisho, kunabana goti kutoka ndani.

---

Fundi wa Arua

Kuhusu mdomo wa kuomba: dada, usiseme "siwezi". Sema "shika upande huu twende". Mtu akiambiwa twende huwa anashika kabla hajafikiri. Boksi likikushinda, lifungue palepale ubebe vigae nusu nusu. Safari mbili fupi hazijawahi kuchelewesha fundi anayengoja gundi ikolee.

Lakini nisikudanganye, ujanja huo una mwisho. Mzigo huu ni wa fundi na msimamizi. Mwanafunzi hawezi kubadilisha saiti, na asilaumiwe kwa kutoibadilisha. Kama fundi wako hajali, kuna mafundi wengine. Ujuzi ulionao unaweza kupimwa na bodi ya serikali ya mitihani ya ufundi hata kama hukukaa chuoni, ukapata karatasi yako ukatafuta timu yenye akili.

---

Karani wa Saiti

Niongeze upande wa sheria kwa kifupi. Sheria ya Ajira ya 2006 inamhesabu mwenye mkataba wa kujifunza kazi kuwa mwajiriwa, na mkataba unaweza kuwa wa mdomo. Kwa hiyo "huyu ni mwanafunzi tu" si kinga ya bosi. Sheria hiyohiyo inakataza mtoto kupewa kazi ya hatari au inayodhuru afya yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2006, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga kwa gharama yake. Fidia ina sheria yake ya mwaka 2000.

Tatizo la mgongo ni kuthibitisha. Mguu uliovunjika kila mtu aliuona. Mgongo uliokwisha kidogo kidogo, bosi atasema ulikuja nao kutoka nyumbani. Siku ulipoanza kuuma, mwambie msimamizi mbele ya wenzako. Ukienda klinikini, waambie waandike ulianza ukifanya nini na wapi. Ihifadhi karatasi, na tarehe iwe juu yake.

---

Kontrakta Mdogo

Nimesoma yote. Kesho naanza ukuta mpya Matugga, nataka kujaribu hilo benchi. Nipe vipimo.

---

Fundi wa Arua

Kimo sentimita 60 hivi kutoka fundi anaposimama, yaani juu ya goti chini ya nyonga. Upana wa mbao mbili zinatosha. Miguu minne ya mkalitusi na mkingamo kila upande, misumari ya inchi nne, usitumie mifupi. Liache hatua moja kutoka ukutani ili fundi asimame katikati, udongo upande wa mkono wa mwiko, tofali upande wa pili, ageuke kwa miguu badala ya kiuno. Usirundike tofali safu nyingi, litapinduka. Ukuta ukifika kifuani, pandisha jukwaa na benchi lipande nalo, usimwache fundi ajenge juu ya bega lake.

Kama mabanzi yako ni ya fomu, kwangua zege kwanza na ng'oa misumari ya zamani.